Magofu ya Ngome Aliyoilinda Baba

Mwalimu alikuwa Mwitaliano, mrefu kama mlingoti, na kila alilosema lilipita kwanza kwa mkalimani. Hivyo mzaha wake uliwafikia wanafunzi umeshapoa, na hasira yake iliwafikia imegeuka kuwa adabu. Siku ya mwisho kabla ya mapumziko ya kiangazi alitandaza mezani picha zilizochapwa kwa wino mweusi, akawaita wanafunzi wa kike wasogee. Hawakuwa wengi. Tokyo ya siku zile haikuwa na mahali pengi ambapo msichana angeweza kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Isono Tazu alisimama nyuma ya rafiki yake Nao, akachungulia juu ya bega lake.

Zilikuwa picha za magofu ya Roma. Matao yaliyomeguka katikati, nguzo zilizolala kifudifudi kama walevi, mitambaazi imefunika kila kitu. Na chini kabisa, wadogo kama siafu, wachungaji wameketi huku mbuzi wao wakila nyasi pale walipokuwa wakiketi wafalme. Aliyeyachora aliyachora kwa mapenzi, kama mtu anayemchora bibi arusi.

"Wana fedha za kujenga meli za chuma," Nao alinong'ona, "wanakosa za kumwita seremala?"

"Nyamaza, atakusikia."

"Akisikia ataelewa nini?"

Mwalimu alizungumza kwa muda mrefu, mikono ikizunguka hewani. Mkalimani akakohoa. "Mwalimu anasema, kila mmoja wenu akirudi atuletee gofu. Si kunakili hizi. Gofu la kwao, alilolitazama kwa macho yake mwenyewe. Ndiyo mtihani. Asiyeleta hapandi darasa."

Nao akainua mkono. "Tafadhali mwambie mwalimu kwamba sisi hatuna magofu. Nyumba zetu ni za mbao. Zikiungua tunajenga, zikioza tunajenga."

Mwitaliano alisikiliza, akatabasamu, akajibu neno moja au mawili.

"Anasema, tafuteni vizuri."

Wasichana wakacheka. Tazu hakucheka. Yeye hakuwa na haja ya kutafuta. Alilijua gofu lilipo, na alijua ni nani asiyetaka kusikia likitajwa.

Mji wao, Hayasaka, ulikuwa na ngome juu ya kilima. Watu bado walisema hivyo, "tuna ngome," ingawa ilikuwa imebomolewa miaka saba nyuma, pale serikali mpya ilipoamua kwamba zama za mabwana na samurai wao zimekwisha, na ngome zao ni mawe na mbao za kuuzwa. Aliyeinunua ya Hayasaka alikuwa mfanyabiashara wa mbao, Tokubei. Aliyemkabidhi funguo alikuwa Isono Genpachi, babake Tazu.

Genpachi alikuwa mkuu wa walinzi wa mnara, kama baba yake na babu yake. Siku ile alimpa Tokubei funguo kwa mikono miwili, akainama, akarudi nyumbani, akalala uso ukiwa umeelekea ukutani. Baada ya wiki chache, jioni moja, moshi mweusi ulipanda kutoka kilimani ukautanda mji mzima. Tangu hapo hakupanda tena kilimani, wala neno "ngome" halikumtoka mdomoni. Hata kwenda hekaluni alizunguka njia ya mtoni, iliyo ndefu maradufu. Na nyumbani hakuna aliyethubutu kumwuliza, kwa sababu mwenzake mmoja, Horiguchi, mtu wa watu na mcheshi, alipanda kilimani mwaka ule ule na upanga wake mfupi, akajiua nao kwa desturi ya samurai. Walimteremsha akiwa amelazwa juu ya ubao wa mlango.

Kwa hiyo Tazu alipofika nyumbani, amebeba turubai ya kuchorea, mirija ya rangi na fremu ya miguu mitatu iliyomfanya aonekane kama mtu aliyeiba mifupa ya farasi, alimwendea kwanza mama yake jikoni.

"Na hiki ni nini?" mama yake, Sei, alikuwa ameshafungua furushi. "Ah, mkate! Nimeusikia. Wageni wanaula."

"Huo si wa kula, Mama. Tunafutia mkaa tukikosea."

"Mnafutia chakula?" Sei alimega kipande, akatafuna kwa makini. "Afadhali. Una ladha ya pamba iliyochacha. Haya, niambie unachonificha, maana tangu uingie unanikwepa macho."

Tazu akamweleza. Sei aliacha kutafuna.

"Nchi yote hii hukuona gofu jingine?"

"Ningeliona, Mama. Lakini mwalimu anataka la kwetu. Na mimi kwetu ni hapa."

Sei alitazama kuelekea sebuleni, ambako Genpachi alikuwa akisoma, mgongo umenyooka kama anakaguliwa. Kwa sauti ya chini akasema, "Basi wewe unachora mto. Na mimi nitasema unachora mto. Na mto wenyewe ukiulizwa, useme hivyo hivyo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kila asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, Tazu alitoka kwa njia ya mtoni, akakata kona penye kinu, akapanda kilimani kwa nyuma. Juu kulikuwa kumegeuka shamba. Pale palipokuwa na uwanja wa ndani wa ngome, Tokubei alikuwa amepanda miforosadi kwa ajili ya viwavi wa hariri, safu kwa safu, na majani yake yalikuwa yanang'aa kwa umande. Handaki lilijaa mayungiyungi. Kilichobaki cha ngome kilikuwa ukuta wa mawe wa msingi wa mnara, umepinda taratibu kama ubavu wa jahazi, na juu yake hakuna kitu. Mbingu tu. Mitambaazi ilikuwa imeupanda kutoka chini mpaka juu, kiasi kwamba mahali pengine ungedhani ni kichaka.

Siku ya kwanza Tokubei mwenyewe alimkuta pale. Alikuwa mtu mfupi, mnene, kapu la majani mgongoni. Alipomtambua, alirudi nyuma hatua moja.

"Binti wa Bwana Isono! Baba yako ana habari?"

"Baba anajua ninachora mto."

Tokubei akageuka akakitazama kilima chote, kikavu kama mgongo wa ng'ombe. "Mto mzuri," alisema, akaenda zake.

Kazi haikumwendea vizuri. Tazu alitazama ukuta, akachora, akafuta kwa mkate, akachora tena, na kila mara kilichotokea kilikuwa kidogo na cha unyonge. Zile picha za mwalimu zilimkaa kichwani. Magofu ya Roma yalikuwa yakinguruma. Hili la kwao lilikuwa limenyamaza. Mwisho akauongeza ukuta urefu kidogo. Akazidisha mitambaazi, ikaning'inia kama nywele za mwendawazimu. Akatia mawingu mazito ambayo hayakuwepo. Sasa ikaanza kufanana na picha. Alirudi nyuma akaitazama, akaipenda, na papo hapo akahisi kitu kama haya, asijue ni kwa nini.

Rangi za mafuta hazikauki upesi, na zinanuka. Aliificha turubai ghalani, nyuma ya magunia ya mchele, akaifunika kwa mkeka.

Jioni ya siku ya sita walikuwa wakila biringanya za kuchoma na wali, mlango wa bustani uko wazi kupisha upepo. Genpachi aliweka bakuli lake chini.

"Mto umekwisha kuuchora?"

"Bado kidogo, Baba."

Akachukua kachumbari, akatafuna, akameza. "Mto una mawe mengi mwaka huu," alisema.

Mama na mwana hawakutazamana. Tazu akageuza biringanya ndani ya bakuli lake. Genpachi alimaliza chai yake, akawatakia usiku mwema kwa sauti ile ile ya kila siku, akaenda kulala.

"Ameiona," Tazu alinong'ona walipobaki wawili.

"Ameiona."

"Mbona hakukasirika?"

"Hilo ndilo linaloniogopesha," Sei alisema. "Yule akikasirika, hupona."

Kulipokucha, mahali pa Genpachi palikuwa patupu, kitanda kimekunjwa vizuri. Sei alikwenda moja kwa moja kwenye shubaka la heshima sebuleni, pale panapowekwa maua, na chini ya maua, kwenye kilalio chake, upanga mfupi wa ukoo. Maua yalikuwepo. Kilalio kilikuwa kitupu.

Hakupiga kelele. Alishika tu nguzo. Tazu akakitazama kilalio kile. Akamwona tena, mawazoni, Horiguchi juu ya ubao wa mlango. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu siku ile, na alikuwa amesimama kando ya njia. Akajisemea, ni mimi. Ni mimi niliyekwenda kumchokoza mtu aliyekuwa amekaa kimya na msiba wake.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo, akaingia Tokubei, kofia upande, kapu limemning'inia mkono mmoja, amejaa majani ya miforosadi mpaka masikioni.

"Mama Tazu, nifiche!"

"Nikufiche na nini?"

"Na mumeo! Yuko kilimani! Ana upanga umefutwa alani! Nilimwona kwa macho yangu, anakuja moja kwa moja kwenye shamba langu. Miaka saba nimekuwa nikisema, siku moja atakuja kuniuliza. Leo amekuja!"

"Sasa ndiyo umekimbilia nyumbani kwake?"

"Nifanyeje? Ndiyo nyumba pekee ambayo nina hakika hayupo!"

Wakati mwingine Sei angecheka mpaka mbavu zimuume. Sasa alimshika Tokubei ukosi wa nguo. "Alikuwa hai?"

"Hai? Mama, alikuwa na afya kuliko mimi!"

Tazu alikuwa ameshatoka. Alikimbia njia ya mbele, ile fupi ambayo familia yao ilikuwa imeisusa, kandambili za mbao mkononi, miguu mitupu juu ya vumbi. Nyuma yake alisikia pumzi za mama yake, na nyuma zaidi, mbali kwa usalama, miguu mizito ya Tokubei, ambaye hofu ilimvuta nyuma na udaku ukamsukuma mbele. Ngazi za mawe zilikuwa zimelika na zimeota majani. Alianguka, akainuka. Alikuwa akiomba, lakini hakujua anamwomba nani. Aliomba tu awahi.

Alipofika juu alisikia sauti kwanza. Fyee. Fyee. Kisha kitu kizito kikianguka.

Genpachi alikuwa amesimama mguuni mwa ukuta, mikono ya nguo imefungwa nyuma kwa kamba kama mtu anayejitayarisha kwa pambano, kitambaa cheupe kichwani, jasho linamtiririka. Mkononi upanga mfupi, kijani kwa utomvu. Alishika mtambaazi mmoja mnene kama kifundo cha mkono, akaukata, akauvuta kwa uzito wake wote. Ukabanduka kutoka kwenye mawe ukimmwagia vumbi, naye akakaa kitako kwa kishindo.

"Baba!"

Akageuka. Alimwona binti yake amechubuka magoti, na mkewe anakuja nyuma, nywele zimefumuka, mkono kifuani.

"Kuna moto?" aliuliza.

Sei alifika, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaona kila kiungo kiko mahali pake. Aliketi palepale kwenye majani. Akalia kidogo. Kisha akapata sauti.

"Wewe mwanamume! Upanga wa babu zako unafyekea magugu? Panga si liko jikoni?"

"Panga la jikoni ni butu. Nilikwambia tangu mwaka jana."

"Na kusema unakwenda wapi, ulimi nao ni butu?"

Genpachi alitazama upanga, akawatazama wao, na polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, akaelewa walikuwa wamedhani nini. Uso wake ukabadilika. Aliuweka upanga chini, juu ya jiwe, kwa taratibu, akamwinamia mkewe mpaka paji la uso likagusa nyasi.

"Sikufikiri," alisema. "Mama Tazu, nisamehe. Sikufikiri kabisa."

"Inuka, watu wanatuona."

"Watu gani?"

"Tokubei yuko nyuma ya mforosadi ule."

Tazu akawasogelea. Aliketi kati yao, akicheka na kulia kwa pamoja, na mkono wa baba yake, mzito na wenye harufu ya majani mabichi, ukatua juu ya kichwa chake kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto mdogo.

"Nilikwenda ghalani nikidhani panya amefia mle," Genpachi alisema. "Nikafunua mkeka. Nikakaa na picha yako muda mrefu, taa mkononi."

"Baba, nilikudanganya. Nili..."

"Si hilo. Picha yenyewe. Huu si ukuta wetu. Umeuvisha nguo za watu. Na mitambaazi yote hiyo! Nikasema, haiwezekani, binti yangu ametia chumvi. Nikashindwa kulala. Nikaja kuangalia." Akautazama ukuta. "Kumbe mitambaazi ipo kweli. Nikaona aibu. Miaka mingi nimelinda mahali hapa, nimepaacha kama kichwa cha yatima."

"Mwalimu wangu anaipenda mitambaazi," Tazu alisema. "Anasema gofu bila mitambaazi ni ukuta tu."

"Basi ni ukuta tu. Kuna ubaya gani?"

Tazu akautazama upande uliofyekwa, na kwa ajabu akahisi mzigo umemtoka. Alikumbuka ile haya aliyoihisi mbele ya turubai.

"Hukuumia, Baba, kupaona?"

Genpachi alifuta jasho. "Nilipokuwa napanda nilijitayarisha. Nilisema, nikifika juu moyo utapasuka, na upasuke. Nikafika. Nikasimama. Nikaungoja upasuke." Alitikisa kichwa kana kwamba bado anashangaa. "Haukupasuka. Nikaona njaa."

Sei aliguna. "Hukunywa hata chai."

"Babu yako," Genpachi aliendelea, akimwelekea Tazu, "alikuwa akitundika picha ya nyasi. Nyasi, umande na mwezi, basi. Nilikuwa mdogo, nikamwuliza kwa nini tunatundika picha ya nyasi tupu. Akasema, hapo palikuwa na mji mkuu wa zamani. Nikaitazama ile picha mwaka mzima nikiutafuta huo mji."

"Ukauona?"

"Sikuona kitu. Watu walisifu, wengine walitoa machozi, mimi naona nyasi. Nyinyi na Mwitaliano wenu angalau mnachora mawe." Kisha akapaza sauti, ile sauti ya zamani ya lindoni, ambayo Tazu alikuwa amesahau kwamba anayo. "Tokubei! Toka huko, sina habari na shingo yako."

Tokubei akatoka nyuma ya mti, akainama mara tatu akiwa bado mbali.

"Ule moshi," Genpachi alisema.

"Moshi gani, bwana?"

"Mwaka ule. Jioni ile."

Tokubei alikuna kichwa, halafu akakumbuka. "Ah, mikeka! Mikeka ya sakafuni, bwana. Ilikuwa imeota ukungu, na viroboto humo, usiseme, nilikuwa najikuna mwezi mzima. Niliichoma yote."

"Na mnara?"

"Mnara umefanyaje?"

"Hukuuchoma?"

Kwa mara ya kwanza Tokubei alisahau kuogopa. "Nichome zile mbao? Bwana Isono, mimi ni mfanyabiashara wa mbao! Mihimili imekauka miaka mia mbili, haina ufa hata mmoja, nichome? Ningekuwa mwehu! Nguzo kuu ipo, imeshikilia paa la shule ya Minowa. Milango ya lango la mashariki iko kwenye hekalu jingine, kule bondeni. Vigae viko juu ya nyumba ya kuogea watu, pale chini mjini. Si unaoga pale?"

Genpachi akageuka kuutazama mji kule chini. Upepo ulipapasa miforosadi.

"Ninaoga," Genpachi alisema polepole, "chini ya vigae vya bwana mkubwa?"

"Miaka saba sasa."

Genpachi akamgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Kila mtu anajua. Ulikataza ngome isitajwe."

"Sikukataza."

"Uso wako ulikataza."

Genpachi alianza kucheka taratibu, mabega kwanza. Tazu aliogopa kidogo, akidhani ni kilio. Lakini kilikuwa kicheko, cha kutoka tumboni, na kiliendelea mpaka akalazimika kushika ukuta. Tokubei akacheka kwa tahadhari, kisha akacheka kweli. Genpachi alijifuta macho. "Na mimi," alisema, "kila nikiingia kwenye lile hodhi la maji ya moto nilikuwa naugua moyoni, nikijisemea, hakuna kilichobaki, hakuna kilichobaki." Akacheka tena.

Sei aliufunga upanga ndani ya kitambaa chake cha kichwa pamoja na majani ya miforosadi, maana siku hizo polisi hawakupenda kuona silaha za ukoo njiani, wakateremka wote wanne kwenda kunywa chai. Tokubei aliingia nyumba ile kwa mlango wa mbele.

Kesho yake Tazu alikwangua turubai, akaanza upya. Baba yake alikuja naye. Alikuwa amekwisha kusafisha upande wa kushoto wa ukuta, mawe yamejitokeza, meupe na safi. Upande wa kulia mitambaazi bado ilikuwa imelala juu yake kama blanketi. Alikusudia kumaliza, lakini mgongo ulimkatalia, na Tazu akamwomba apaache hivyo hivyo.

"Nusu kunyolewa?" Genpachi alisema. "Watatucheka."

"Ndivyo palivyo, Baba. Ukikaa hapo mguuni mwa ukuta nitakuchora na wewe. Mdogo tu, ili watu waone ukuta ni mrefu kiasi gani."

"Mdogo kiasi gani?"

"Kama punje ya mchele."

"Nitakaa. Lakini usinichore nimejikunja kama wale wachungaji uliotusimulia. Niko kwangu."

Akakaa mgongo wima, siku nne mfululizo, Tokubei akija na matonge ya wali na kubishana naye mnara ulikuwa na madirisha mangapi upande wa kaskazini. Hawakuafikiana kamwe. Ukuta kwenye picha ulitoka na urefu wake halisi. Mawingu mazito yakaondoka. Juu ya ukuta Tazu aliacha mbingu, nyeupe ya asubuhi, akaishughulikia mbingu ile kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hapo ndipo mnara ulipokuwa.

Siku ya kuondoka, baba yake alimsindikiza mpaka gatini kwa njia ya Minowa. Shuleni watoto walikuwa wakisoma kwa sauti moja. Genpachi aliomba ruhusa kwa mwalimu, akavua viatu, akaingia, akaiendea nguzo iliyosimama katikati ya darasa. Ilikuwa nene kiasi cha kukumbatiwa na watu wawili, na kwa chini ilikuwa na alama za wino, majina, na picha ya chura. Akaweka kiganja juu yake. Watoto walinyamaza wakamtazama. Mmoja wa mbele, msichana mwenye pengo, akamwuliza: "Babu, unapima?"

"Naisalimu tu."

"Inaitwaje?"

Genpachi alifikiri. "Haijapewa jina. Ipeni nyinyi." Akatoka nje huku nyuma yake kukiwa na kelele za majina, akavaa viatu, na njia nzima mpaka gatini alikuwa akipiga mluzi, jambo ambalo Tazu hakujua kama baba yake analiweza.

Tokyo, Mwitaliano alisimama mbele ya picha muda mrefu mpaka Tazu akaanza kuhesabu vifungo vya koti lake ili asizimie. Alisogea, akarudi nyuma, akaelekeza kidole.

"Anauliza," mkalimani alisema, "kwa nini nusu ya ukuta haina mitambaazi?"

"Mwambie baba yangu aliifyeka."

Wakasemezana. "Anauliza kwa nini hakumaliza."

"Mgongo ulimwuma."

Mwalimu aliinama, akaitafuta ile punje ya mchele mguuni mwa ukuta, akaiona. Halafu akasema maneno machache bila kuzungusha mikono.

"Anasema kijani cha kulia ni kizito mno, uwe mwangalifu. Anasema mbingu ni nzuri. Umepanda darasa."

Tazu aliinama, akatoka uani, akaegemea ukuta wa shule. Nao alimkuta hapo. Yeye naye alikuwa amepita, kwa picha ya choo cha shambani kwa shangazi yake kilichoanguka wakati wa mvua.

"Amesema kina huzuni ya kale," Nao alisema. "Mimi nikamshukuru kwa niaba ya shangazi. Umekula?"

"Tangu jana sijala."

Wakavuka barabara kwenda kwa muuza tambi. Tazu alimaliza bakuli la kwanza bila kuinua kichwa, akanywa na mchuzi, akamsukumia mwenye duka bakuli tupu, akaomba jingine.